Kopo la Mafuta la Wifi Yangu Lea

Watu wa Kihesa wamesema mengi kuhusu wifi yangu, Lea Kikoti. Wengine wamesema alimpa mjukuu wake dawa za mganga. Wengine wamesema mtoto alichezewa ndani ya nyumba yetu, nasi tukafunika. Kikoti ni jina nililoolewa nalo, na ndilo jina la wanangu. Kwa hiyo ninaandika mambo jinsi yalivyokuwa, na Lea mwenyewe ameridhia.

Lea ni mdogo wa marehemu mume wangu, Clement. Alisoma hadi darasa la saba, akaolewa na Saulo, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Huko aliishi katika nyumba za wafanyakazi, akalima maharage, akazaa mtoto mmoja tu, Anord. Waliomfahamu Mgololo watakwambia habari za sauti yake. Alikuwa akianzisha wimbo kanisani, hata wanaume waliosimama nje wakizungumza mambo ya zamu walikuwa wakinyamaza. Saulo alipofariki, Lea alirudi Iringa, katika nyumba ya wazazi wake hapa Kihesa, iliyopakana na yangu. Tukawa wajane wawili tunaochota maji kwenye bomba moja. Usharika haukuchelewa kumchagua kuwa kiongozi wa umoja wa wanawake.

Joto lilimwanza wakati wa kipupwe, majira ambayo hapa kwetu maji ya bomba huuma vidole.

"Wifi, ninaungua," aliniambia. "Ninyi mmevaa makoti, mimi natamani kulala sakafuni."

"Umepima malaria?"

"Nimepima, hakuna. Nimepima presha, haipo. Nalowesha shuka kama mtoto, halafu naganda kwa baridi."

Hedhi ilikuwa imemkoma. Mimi nilipita njia hiyo kwa urahisi, kwake haikuwa hivyo. Usingizi ulimkimbia, akawa anasahau majina ya watu, analia bila sababu. Siku moja joto lilimkuta katikati ya wimbo, jasho likamtiririka mbele ya usharika mzima. Wanakwaya wenzake walimtania njiani: "Mama Anord siku hizi ni jiko la mkaa, tutaota moto kwako." Alicheka nao. Lakini aliacha kwenda kwaya.

Tulisafiri hadi Mbeya, anakofanya kazi Anord na mkewe Happy. Kijana tulimwambia mama yake anaangaliwa presha, maana mambo mengine mama hamwelezi mtoto wake wa kiume. Daktari wa wanawake, Faustina, alimsikiliza Lea bila haraka. Alimuuliza kama aliwahi kuugua saratani ya matiti, kama damu iliwahi kuganda miguuni, kama ini lake ni zima. Akampima matiti na presha. Mwisho akamwandikia jeli ya kupaka, yenye homoni ya kike ambayo mwili ulikuwa umeacha kuitengeneza, pamoja na vidonge vya kumeza jioni.

"Vidonge hivi usiviache," alisema. "Bado una mji wa mimba. Homoni hii ikiwa peke yake hunenepesha ukuta wake, na huko mbele inaweza kuleta saratani. Damu ikirudi, usidhani umepata ujana. Njoo nikuone."

Kisha akamwonyesha kichupa. Kukibonyeza mara moja ndicho kipimo cha siku. Unapaka mkononi kuanzia bega, kwenye ngozi kavu, siyo kwenye matiti. Unasubiri ikauke, ukiwa mbali na moto kwa sababu ina spiriti. Unanawa mikono kwa sabuni, unavaa nguo ya kufunika pale ulipopaka. Mtu mwingine asiguse ngozi hiyo, hasa mtoto.

"Mama, haya si mafuta," alimalizia. "Hii ni dawa."

Lea alipona. Sina neno jingine. Alilala, akanona, akarudi kwaya. Asubuhi nilimsikia ng'ambo ya ukuta akiimba huku anafagia uwanja, nikasema moyoni kwamba mtu wetu amerudi.

Sasa nieleze habari ya kopo. Chumba cha Lea kilikuwa kama ofisi ya umoja wa wanawake. Wanawake waliingia kuchukua vitenge vya sare, wakakaa kitandani, wakashika kila kilichokuwa mezani. Kichupa kile kilikuja ndani ya boksi lenye picha ya mwanamke na maandishi ya homoni. Mwaka uliotangulia, mjane mmoja wa mtaa wa pili alikutwa na vidonge vya namna hiyo, na maneno yaliyomzunguka niliyasikia kwa masikio yangu: "Mume kaburini, yeye anarudisha usichana. Anamrudishia nani?" Lea hakutaka maneno hayo yafike kwenye jina la Saulo. Akaibonyeza jeli yote ndani ya kopo la mafuta ya mgando lililokwisha, boksi akalichoma. Kopo likakaa mezani pamoja na makopo mengine, na hakuna aliyeliulizia.

Ndipo Happy alipopata nafasi ya kwenda Dodoma kwa mafunzo ya kazi, na Tumpe, binti yao wa miaka mitatu, akaletwa Kihesa kwa bibi yake. Sijui niseme nini kuhusu wawili wale. Mtoto alilala kifuani pa bibi. Alikula sahani moja na bibi. Bibi akienda kwenye mkutano wa umoja, mtoto alikuwa mgongoni, na wanawake walisema Lea amezaa uzeeni.

Huku kwetu nyanda za juu, mtoto hatoki nje asubuhi bila kupakwa mafuta, maana upepo utampasua midomo na mashavu. Na mama au bibi akishajipaka, kinachobaki viganjani hafuti kwenye nguo. Anamwita mtoto, anampangusa nacho uso, shingo na miguu. Sote tumelelewa hivyo. Lea alikuwa akiamka, anachota kwenye kopo kwa kukadiria, anajipaka mikono na mabega, kisha anasema, "Tumpe, lete uso." Halafu anambeba mgongoni, shavu la mtoto likiwa juu ya bega ambalo halijakauka. Baadaye aliniambia kwamba boksi lilipokuwepo alikuwa akikumbuka kila neno la daktari. Dawa ilipoingia kwenye kopo la mafuta, mikono yake ikaifanyia yale ambayo imeyafanyia mafuta maisha yake yote.

Happy alirudi kutoka Dodoma akapitia kwetu kumchukua mtoto. Jioni alimwogesha uani, nami nilikuwa pale nikichambua mchele wa Madibira. Nikamwona ameacha kumwagia maji.

"Mama, njoo uone," alimwita Lea. "Hivi ni nini?"

Kifua cha mtoto kilikuwa kimevimba pande zote mbili, kama cha msichana anayevunja ungo.

"Amenenepa," Lea alisema. "Alikuwa anakula vizuri."

"Amenenepa kifuani tu?"

Lea alimkaribia mtoto, akamgusa. Mtoto akasema panauma. Happy alimfunika kwa khanga, akauliza bila kupandisha sauti: "Nani analala na mtoto?"

"Mimi."

"Nani mwingine anaingia humu?"

"Happy, mwanangu, unaniuliza nini?"

"Nauliza kama mama yake."

Nilimwambia kwamba tangu Lea ahamie hapo hakuna mwanaume aliyewahi kulala ndani ya nyumba hiyo, na kwamba mimi nipo ukuta wa pili. Alinijibu kwa heshima, "Nimekusikia, mama," lakini hakumtoa mtoto mikononi mwake tena. Akampigia simu mama yake Tukuyu, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umemshika mtoto, aliweka spika. Yule mama alisema tukisikia wote: "Kwetu mtoto wa miaka mitatu haoti maziwa. Waulize hao Wahehe wamempaka nini."

Lea alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni. Nilimwona akiinua viganja vyake na kuvitazama, kisha akaviingiza chini ya khanga.

Anord alifika asubuhi kutoka Mbeya. Mama mkwe wake alikuwa anataka waende kwa mganga, jirani mmoja alikuwa ameshataja polisi. Mimi nilisema tunaanzia hospitali, na tukaenda wote, hapa hapa Iringa mjini. Daktari wa watoto aliitwa Jailos, mtu wa makamo, mpole. Alimpima mtoto mbele ya mama yake, akatutuliza kwanza kuhusu lile tuliloliogopa kuliko yote: mtoto hajaguswa na mtu. Kisha akaagiza apimwe damu na apigwe picha ya mkono ili kuangalia ukuaji wa mifupa. Majibu ya damu yalipotoka, alituita ndani tena.

"Homoni ya kike imemzidi mtoto huyu," alisema. "Inaweza kuwa inatengenezwa na mwili wake mwenyewe, na hapo itabidi nimtafute uvimbe tumboni au kichwani. Au inatoka nje. Nyumbani kuna mtu anameza au anapaka dawa yoyote?"

Happy alisema hapana. Anord alisema mama yake anatumia dawa ya presha tu.

Nilijua. Nilimwambia Anord atoke nje akatununulie maji, ili jambo la wanawake lisemwe na wanawake. Alikuwa anainuka Lea alipomshika mkono.

"Kaa," alimwambia. "Ukitoka, utasimuliwa vingine." Akamgeukia daktari. "Sina presha. Ninapaka homoni. Iko kwenye kopo la mafuta, na kila asubuhi nilikuwa nampangusa mtoto na kilichobaki mikononi. Kisha nambeba."

Anord alitazama dirishani. Happy hakutazama popote. Tumpe aliomba biskuti.

Daktari hakumgombeza. Alisema ukweli ule umemwokoa mtoto na vipimo vingi, na kwamba mguso ukikoma, kifua kitarudi polepole, na madaktari wa Mbeya watamfuatilia mpaka waridhike na mifupa. Akamwambia Lea kwamba si lazima aache tiba. Arudi kwa daktari wake Mbeya. Kuna za kubandika, kuna za kumeza, na hata jeli inatumika salama ikibaki katika kichupa chake, ikapakwa kwa kipimo, ikakauka, ikafunikwa, mikono ikaoshwa, mtoto akae mbali na ngozi hiyo mpaka ioshwe. "Kosa halikuwa dawa, mama," alisema. "Ni kopo."

Kwenye gari Happy alikaa mbele na mtoto. Tumpe alinyoosha mikono nyuma akitaka kubebwa na bibi, mama yake akamgeuza. Siku hiyo hiyo waliondoka kwenda Mbeya. Lea alifunga nguo za mtoto mwenyewe, akazikunja vizuri, akaubeba mfuko hadi barabarani. Happy aliupokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa kwao. Hakuna aliyekosa adabu. Ningefurahi kama wangegombana.

Lea hakurudi kwa Daktari Faustina. Alilitupa kopo chooni, na vidonge pia, akamtumia Happy ujumbe kwamba ameacha kila kitu. Nilimgombeza. Nilimwambia daktari amesema tiba inaendelea, mtoto hayupo tena nyumbani, anajitesa kwa faida ya nani.

"Nataka akiniuliza nimjibu sipaki chochote," alisema. "Nikimjibu hivyo, atamleta."

Joto lilimrudia lote. Nilimsikia akifungua madirisha, akitembea uani alfajiri kwenye umande. Uwanja ulifagiliwa kimya. Uongozi wa umoja aliuachia, maana maneno yalishafika usharikani, na yalikuwa mabaya kuliko yale aliyokuwa akiyakimbia.

Habari za mtoto zilikuja kwa simu ya Anord, na zilikuwa njema. Kifua kilipungua, kisha kikawa cha mtoto kama zamani. Mifupa haikuwa na tatizo. Siku daktari alipomruhusu kabisa, Lea aliniomba nimsindikize Mbeya. Alivaa gauni la mikono mirefu na sweta juu yake, jasho likimtoka njia nzima, akakataa kuvua.

Happy alitupokea vizuri. Alipika ndizi na nyama, akatutandikia kitanda kipya. Tumpe alikuwa amerefuka. Alisimama mlangoni pa chumba chake, mkono mmoja kichwani kama wanavyosalimia watoto wa chekechea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama yangu. Njoo basi."

Mtoto alimtazama mama yake kwanza.

"Bibi amechoka na safari," Happy alisema taratibu. "Msalimie hapo hapo."

"Nilishaacha, Happy," Lea alisema. "Sipaki chochote. Niangalie."

"Najua, mama. Anord aliniambia. Najua pia kwamba hukukusudia." Alikuwa analia. "Lakini nikimwona mgongoni kwako, nitakuwa naona kile kifua. Nipe muda."

"Muda gani?"

Happy akamwambia Tumpe aende akacheze, na Tumpe akaenda.

Tuliporudi Kihesa mimi mwenyewe nilimpeleka Lea kliniki, na sasa anatumia vidonge vya kumeza. Usingizi umemrudia kidogo. Mwaka umepita, na Happy hajamleta mtoto. Anayemsema Lea kwamba ni mchawi aje kwangu nimweleze, nami nitamweleza kila kitu, pamoja na jina la dawa. Lea hana cha kuficha tena. Jumapili anakaa safu ya nyuma kanisani, na kwaya inapoanza hufungua kitabu cha nyimbo, anafuata maneno kwa kidole.