Roma Tuliyoicheza Kakuyuni

Mwalimu wetu wa historia alikuwa mtu wa bara, na Kiswahili chake kilituchekesha hadi siku aliyoanza kutufundisha habari za Roma. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya harambee ambayo wazazi wetu waliijenga kwa mikono yao karibu na Kakuyuni, baadhi ya madarasa yakiwa ya mabati na mengine ya makuti.

Alituambia kwamba Warumi walimfukuza mfalme wao wakaapa hawatakuwa na mwingine. Kila mwaka walichagua wakuu wawili, si mmoja, ili huyu akipotoka yule amzuie. Palikuwa na baraza la wazee. Na watu wa chini walikuwa na watetezi wao, ambao wakiona jambo la dhuluma walikuwa na haki ya kusimama na kusema neno moja tu: Nakataza. Jambo likakwama hapo hapo.

Kisha akatueleza jinsi yote yale yalivyokwisha. Jemadari mmoja alirudi nyumbani na jeshi lake, akajifanya mtawala wa maisha, wazee wakamuua barazani. Walidhani wameiokoa jamhuri. Vita vikafuata, na mwisho wake aliyebaki amesimama alikuwa kijana aliyemrithi, mjukuu wa dada yake. Huyu alikuwa mwerevu zaidi. Hakutaka kuitwa mfalme. Baraza lilikutana kama kawaida, wakuu wawili walichaguliwa kama kawaida, ila kila chenye nguvu kilikuwa mkononi mwake.

Niliinua mkono. "Mwalimu, sasa jamhuri iliisha siku gani?"

Aliweka chaki chini. "Hapo ndipo iko shida," akasema. "Hakuna siku."

Jibu hilo lilinikera. Nilienda nalo nyumbani, nikalima nalo, nikachota nalo maji. Nilitaka siku ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole na kusema, hapa wangekataa.

Siku ya wazazi ilipokaribia, tulitakiwa kuandaa kitu. Miaka yote darasa letu lilikuwa likiimba. Mimi nikasema tuicheze Roma, tena kwa Kiswahili, ili mama zetu waelewe. Mwalimu alicheka, lakini alipoona hatucheki akaketi nasi tukaanza kutunga. Mvulana mrefu, ambaye baba yake alifanya kazi katika shamba la mkonge, tulimpa nafasi ya yule kijana mrithi. Mimi nikawa mtetezi wa watu wa chini.

Lazima niseme kidogo juu ya mwenyekiti wa kamati ya shule, na sitaki kumsingizia. Alikuwa mfanyabiashara, mwenye mashine ya kusaga mahindi pale sokoni. Shule ilipoanza, yeye ndiye aliyetoa mabati ya kwanza, na watu wakampa uenyekiti kwa shukrani. Mweka hazina alipohamia Mtwapa, yeye akaishika kazi hiyo kwa muda. Funguo za stoo akazichukua kwa kuwa alikaa karibu. Mafundi akawachagua yeye kwa kuwa aliwajua. Kamati haikuvunjwa, ilikutana, ikanywa chai, ikakubali. Lakini mwaka ule saruji ya maabara iliganda ikawa mawe ndani ya stoo, kwa sababu yeye alikuwa kwenye safari zake Mombasa na hakuna mwingine aliyeweza kufungua mlango. Wazazi walinung'unika mashambani. Mkutanoni walinyamaza.

Sisi hatukuandika neno lolote juu yake. Tuliandika Roma. Hata hivyo, mwalimu mkuu alipokuja kututazama tukifanya mazoezi, aliondoka kabla hatujamaliza, akamwita mwalimu wetu ofisini. Huyu aliporudi alituketisha.

"Mwalimu mkuu anasema tumalizie pale jemadari anauawa," alisema. "Hiyo sehemu ya mwisho tuiache. Anasema siku hizi watu wanasikiliza vibaya."

"Lakini tukiishia pale," nikasema, "watu watafikiri walishinda."

"Najua."

"Itakuwa uongo, mwalimu."

Wenzangu wakaitikia. Mvulana wa mkonge akasema yeye hakukariri maneno yote yale ili ayameze. Mwalimu alikuna kidevu, akasema, "Mimi ni mgeni hapa. Nikihamishwa, nafunga sanduku naenda. Nyinyi mtabaki na wazazi wenu. Mnataka?"

"Tunataka."

Alirudi ofisini. Sijui waliambiana nini, ila alipotoka alisema tutaicheza yote, na kwamba atakayeulizwa ni yeye.

Siku yenyewe wazazi walijaa uwanjani. Mwenyekiti aliketi mbele kwenye kiti chenye mto, kando ya mwalimu mkuu. Tulikuwa tumejifunga vitambaa vyeupe vya marekani mabegani kama Warumi, na niliiona leso ya mama katikati ya akina mama waliokaa kwenye mikeka. Mama yangu alikuwa mkulima asiyekosa mkutano hata mmoja, na alikuwa hajawahi kusema lolote katika mikutano hiyo.

Jemadari aliuawa, watu wakapiga makofi. Kisha ikaja sehemu ya mwisho. Mvulana wa mkonge alisimama mbele ya wazee wa baraza, akainamisha kichwa. "Ndugu zangu, nimechoka," akasema. "Nawarudishia kila kitu."

"Usituache!" wazee wakalia. "Utatuacha na nani?"

"Basi, nitashika majeshi, kwa muda tu."

"Shika!"

"Na hazina, isije ikapotea."

"Shika!"

Akina mama walicheka sana. Kisha kicheko kikaanza kukatika, huku kidogo, kule kidogo, mpaka uwanja ukanyamaza. Nikasimama, nikanyoosha mkono na kusema, "Nakataza."

Alinigeukia kwa upole, kama tulivyopanga. "Mamlaka hayo sasa ninayo mimi. Kaa."

Mchezo ulitaka nikae. Nilianza kuinama.

"Usikae!"

Ilikuwa sauti ya mama. Watu waligeuka. Mwenyewe alishika mdomo kwa leso, kana kwamba neno limemtoroka. Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata mwenyekiti akacheka, na mimi nikabaki nimesimama. Mchezo ukaisha hivyo, bila mtu kujua kama umeisha.

Ikafika zamu ya mwenyekiti kuhutubia. Alitusifu. Kisha akaingia katika maneno ambayo aliyasema kila mwaka, na nadhani yalitoka kwa mazoea tu, kabla hajayasikia mwenyewe. "Wazazi wenzangu, mimi nimechoka. Mkiona vyema, niko tayari kuwarudishia kazi hii."

Miaka yote hapo ndipo watu walipopiga makofi na kumsihi abaki. Safari hii hakuna aliyepiga. Nilimwona akingoja. Mwalimu mkuu alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama akainuka. Alijifunga leso vizuri kiunoni kwanza. Kisha akasema:

"Mzee mwenyekiti, tumekusikia. Ulitushika mkono wakati hatuna kitu, na Mungu akulipe. Sasa umesema umechoka. Pumzika, baba. Tuitiwe mkutano tuchague."

"Tuchague," akasema mzee mmoja nyuma yake. Kisha wengine, na wengine.

Mkutano ulifanyika kabla ya mvua za masika. Kazi ziligawanywa kwa watu mbalimbali, na funguo za stoo akapewa mama. Mwenyekiti hakuhudhuria.

Haikuwa bure. Muhula uliofuata mwalimu wetu alihamishwa mbali, na hakuna aliyetueleza sababu. Tulimsindikiza hadi barabarani, akampa mkono kila mmoja wetu kama watu wazima. Na pale sokoni, kila mara mama alipopeleka mahindi, mashine ilikuwa imeharibika, ikapona akishaondoka. Alitwanga kwa kinu msimu mzima. Nilimwambia nitapeleka mimi. Akasema, "Hapana. Mikono ninayo."

Maabara iliezekwa. Siku ya kuifungua, yule mwenyekiti wa zamani alikuja, akaketi benchi moja na wazazi wengine, na mama alimpelekea chai mwenyewe. Kesho yake mashine ilikuwa nzima.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini mwaka uliofuata mwenyekiti mpya, mtu mwema, tena jirani yetu, aliomba aongezewe muda kidogo bila uchaguzi, kwa kuwa kazi ilikuwa haijakamilika. Mama alikuwa akipalilia alipoletewa habari hizo. Aliweka jembe chini, akanawa miguu, akaniambia nitazame chungu jikoni, akashika njia ya shuleni.