Duara la Jeki

Mjukuu wangu, juzi ulinionyesha kwenye simu mbwa wenu anavyoukimbiza mkia wake kutwa nzima, ukasema watu wengi wameicheka hiyo video. Mimi sikucheka, ukadhani sijaiona vizuri. Niliiona. Nilimkumbuka Jeki, na siku ile nilipokuwa nakata utumbo wa kumtilia sumu.

Ilikuwa enzi za ruksa, bidhaa zimerudi madukani baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Babu yako Elibariki alifungua duka pale Kijenge, akauza redio, kanda, betri na khanga. Kila mwenye duka alitaka mbwa mkali. Sisi tulikuwa na Jeki, tuliyepewa na baba yangu, Mzee Ndekirwa, kutoka kwake Akeri huko mlimani. Alikuwa mbwa wa kushinda na ng'ombe, mpole mno. Elibariki akaambiwa na wenzake kwamba mbwa akifungiwa mchana asione watu, usiku anakuwa simba. Basi tukagongelea banda dogo kwa mbao za makreti. Humo ndani Jeki aliweza kusimama na kugeuka tu. Mlango nilikuwa naufunga mimi mwenyewe kila asubuhi, kabla sijateleka chai, na sikuona ubaya. Majirani nao walikuwa na mabanda kama lile.

Mwezi wa tatu tangu tumfungie akaanza kuzunguka. Ukimfungulia jioni hakimbii uani. Anazunguka mahali pamoja, kushoto, kushoto tu, hamwangalii mtu, mpaka majani yakafa na udongo ukang'aa. Mama Roza, yule Mchaga wa duka la pili, alikuwa akichungulia uzioni na kuniambia, "Mama Neema, mbwa wako anacheza disko na redio imezimwa." Tukacheka. Nilikosea mengi, lakini nilianzia hapo, kwenye kucheka.

Jumamosi moja mchana mama yako, Neema, ana miaka sita wakati huo, akamfungulia na kumkumbatia akiwa katikati ya kuzunguka. Jino likamchana kwenye kifundo cha mkono. Damu ilikuwa kidogo. Lakini Jeki akaendelea kuzunguka vilevile, na hilo lilinitisha kuliko damu.

Safari hii Mama Roza hakutania. "Hicho ni kichaa," akasema. "Mnasubiri amalize watoto wa mtaa?"

Sote tulishasikia mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa anavyokufa. Elibariki akatoka mbio kutafuta sumu. Mimi nikachukua utumbo na kisu, na mama yako ameng'ang'ania gauni langu akilia. Alikuwa anamlilia Jeki, mkono wake ameshausahau.

Baba yangu akaingia getini na mkungu wa ndizi begani.

"Shikamoo baba," nikasema.

Hakuitikia. Alitazama kisu, akatazama mkono wa mjukuu wake, akatua ndizi. Nikamweleza yote harakaharaka, na jinsi mbwa wake alivyoharibikiwa akili. Alimvuta Jeki kando kwa kamba, akamfunga kwenye nguzo. Kisha akalikokota lile banda, halikuwa na sakafu, akalisimamisha juu ya duara pale kwenye udongo. Likaenea, mwanangu. Ule mviringo uliingia wote ndani, umegusa mbao pande zote nne.

"Ulimfungulia mlango tu," akasema. "Bado yumo ndani."

Nilitamani ardhi inifunike. Lakini hakusema kwamba mbwa ni mzima. "Kuzunguka amefundishwa na banda hili," akasema. "Kichaa, mimi sijui. Ila mkimuua leo mkamzika, daktari atajuaje?" Akauosha mkono wa Neema kwa sabuni na maji mengi, muda mrefu. Elibariki aliporudi, baba akamwamuru aitupe ile sumu chooni na ampeleke mtoto hospitali saa ileile. Huko mama yako akachomwa sindano ya kwanza. Daktari akasema mbwa afungiwe peke yake, aangaliwe siku kumi. Akiugua au akifa, tukimbilie kwake.

Siku kumi hizo sitaki zinirudie. Tulimtenga Jeki nyuma ya nyumba, kwenye zizi la mbuzi tuliokuwa tumeshawauza. Baba alibaki kwetu. Kila asubuhi nampa shikamoo, yeye anatazama bakuli la maji la Jeki, kimya. Mimi natazama bakuli, kisha mkono wa mama yako. Siku ya sita Jeki hakuyagusa maji mpaka saa saba mchana. Sikupika. Nilikaa chini jikoni nikihesabu vidole vya mwanangu kana kwamba kimoja kitapotea. Niliponyanyuka kwenda kuchungulia, nikasikia ulimi wake majini.

Asubuhi ya kumi na moja Jeki alikula, akanywa, akabweka. "Shikamoo baba," nikasema, nimeshazoea kunyamaziwa.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Kisha akachukua shoka, akaenda kulipasua lile banda kuni.

Jeki hakuacha kuzunguka mara moja. Elibariki alimtembeza kila asubuhi mpaka mtoni, mwaka mzima, duara likipungua. Hadi uzeeni, akisikia kelele alizunguka mara mbili tatu, nami nakwenda kukaa karibu yake mpaka atulie.

Basi ukiona mnyama anarudia jambo lilelile bila kuchoka, usianze kucheka wala kuogopa. Uliza kwanza anashinda wapi, na nani, anafanya nini kutwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, huenda anaumwa mahali. Na kabla hujasema ameharibika, angalia mkono wako mwenyewe unafunga mlango gani kila asubuhi. Kwa watu pia ni hivyohivyo.

Mungu akujalie macho ya kuona kabla ya kucheka. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akuletee mtu wa kukunyamazia mpaka uelewe, kisha aitikie shikamoo yako. Sasa iweke hiyo simu, mwanangu, ukamtembeze mbwa wako.