Amri ya "safisha" imewafuta marehemu wetu

Leo mjukuu wangu Neema amewafuta marehemu wote wa ukoo.

Anatunga lugha ya Kiswahili ya kuiamuru kompyuta. Tukaijaribu kwa majina ya marehemu wetu wa kuombewa kwenye misa.

Nikaona mawili yamejirudia. Kati ya amri zake kuna moja inaitwa "safisha". Nikamwambia abonyeze hiyo.

Orodha ikabaki tupu.

"Bibi, safisha inaondoa vyote."

"Wewe mtoto, nikikutuma usafishe mchele, unamwaga ungo mzima?"

Akaibadilisha palepale, sasa inaitwa "futa vyote".

Nikamtajia majina upya, na safari hii nikamkumbuka shangazi yangu wa Katindiuka, niliyemsahau asubuhi.

Msiniambie nimshukuru. Ila semeni, nani mwingine ana mjukuu kama huyu?