Zamu ya Bibi

Ngee, ngee, ngee. Hadi leo, nikiwa kwenye cherehani yangu hapa Mpanda mjini, mafundi bajaji wakigonga chuma moyo wangu unarukia kule Mpimbwe, kwenye ringi la trekta linaloning'inia kigangoni kwetu. Kengele yetu ni hilo. Siku ile liligongwa Jumatano asubuhi, na Jumatano hatuna ibada, kwa hiyo watu waliacha mpunga wao wakaja kuuliza nani amekufa.

Hakufa mtu. Aliyegonga ni mama mdogo wangu, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kusali nyumba kwa nyumba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuzia dagaa. Akasema jumuiya ya wiki hii tunasali leo, na zamu ni ya bibi wa majarubani.

Bibi huyo ni Msukuma, alikuja na mwanawe na ng'ombe kutoka kaskazini. Mwanawe akasogea mbele na mifugo, yeye akabaki peke yake pembeni ya majaruba. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Mtoto wa jirani alipofariki kwa homa, watu wakaanza kuyasema yale macho, kwamba ni ya mchawi. Sasa vijana walikuwa wamewaita lambalamba, wale waganga wa kupita wanaofukua hirizi kwenye nyumba za watu. Wangefika mchana huo. Wakishafukua, nyumba inachomwa, na mwenyewe akipona ni bahati.

Mzee mmoja akauliza kwa upole kama tusingeweza kumwombea bibi tukiwa hapo hapo kigangoni, maana Mungu anasikia popote.

"Mungu anasikia, baba," mama mdogo akajibu. "Vijana ndio hawasikii. Beba rozari yako twende."

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichowanyanyua. Mimi nilibebeshwa mikeka. Tuliitandika mlangoni kwa bibi kabisa, mtu asiweze kuingia bila kuturuka. Mtendaji wa kijiji naye alikuwepo. Alfajiri alimwambia mama mdogo atakuja akipata nafasi, na mama mdogo akakaa kwenye benchi la ofisi na rozari yake mpaka nafasi ikapatikana.

Lambalamba walifika na ngoma, vijana wetu nyuma yao. Mama mdogo hakunyanyuka mkekani. Wengi wa wale vijana aliwafundisha mafundisho ya komunyo ya kwanza.

"Nyie nawajua," akasema. "Huyu bibi kaumbwa kwa mfano wa Mungu kama nyie. Siwaombi mumhurumie. Kulala kwake bila hofu ni haki yake, na serikali hii hapa, iseme yenyewe."

Mtendaji akaanza kwa sauti ndogo, halafu ikapanda: kupiga ramli ni kosa, kuchoma nyumba ya mtu ni kosa, na yeye ameshawapigia polisi simu. Vijana wakaangalia chini. Ngoma ikafungwa. Nilimtazama mama mdogo, aliyeishia darasa la saba kama mimi, nikaota siku nami nasema maneno kama yale.

Akaondoka na mtendaji kuwasindikiza wale waganga hadi barabarani. Huku nyuma bibi akatoa sinia la matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, pamoja na karanga, kama afanyavyo yeyote mwenye zamu. Sinia likazunguka. Wanawake ambao hawakuogopa ngoma wakaogopa sinia: mmoja akasema ameshiba, mwingine amefunga, mwingine jino linamuuma. Kabla halijanifikia, bibi akalipokea limejaa vile vile, akaliweka kizingitini, akaenda zake jikoni nyuma ya nyumba.

Nikajua kesho itasemwa hata jumuiya haikula kwake, na ngoma itafunguliwa tena.

Watu wakaanza kutawanyika. Nikakunja mikeka, nikabakiza mmoja. Nikaukalia pale kizingitini, nikavuta sinia, nikala.