Nusu Kichwa cha Bibi Harusi

Mkono wa Gundi hakuna asiyeujua. Rasta akisuka yeye, utalala nazo, utaoga nazo, utaugua nazo, na bado zitakaa. Ndiyo maana tukambandika hilo jina. Mimi ni msusi mwenzake, kiti changu kiko ubavuni mwa chake, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Niliyaona, na mahali pamoja nilitia mkono.

Mwaka ule wa korona Gundi alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, aliyoisubiri mpaka watu wakaacha kumuuliza. Wifi yake, dada wa mumewe, akaja kusukwa. Alikuwa anakohoa kwa kujibana, anasema ni vumbi. Sisi tukimaliza rasta huchoma ncha kwa kiberiti zisifumuke. Siku hiyo moto uliteleza ukashika nywele zake mwenyewe, karibu na sikio. Tukauzima upesi, lakini harufu ilijaa chumba kizima, wote tukaziba pua. Yeye yuko na simu yake tu, anauliza, "Kwani kuna nini?" Kichwa chake kinaungua na harufu haisikii! Tukacheka, wajinga sisi. Gundi akaendelea kumwinamia, tumbo likimgusa mgongoni.

Wiki haikuisha Gundi akashindwa kupumua. Hospitali wakamwekea oksijeni. Daktari alieleza kwamba ugonjwa ule humkaba mjamzito zaidi, maana mapafu yameshabanwa na tumbo, na kwamba kwa Gundi uliharibu kondo la nyuma, mtoto akakosa hewa humo humo ndani. Alizaliwa wa kiume, kimya. Mumewe na wanaume wawili waliofunika nyuso ndio waliomzika. Gundi alikuwa bado yuko kwenye mashine, hajui usiku wala mchana. Hakumwona.

Alipotoka, mama mkwe hakumpa hata pole. "Tumbo lake halishiki," aliwaambia watu mbele yake. "Mwanamke wa kusimama saluni kutwa nzima, atazaa nini?" Na yule wifi, pembeni, akaitikia kwa kichwa. Kichwa kile kile! Gundi hakujibu. Aliniambia mimi tu: "Yule alijua anaumwa. Na ipo siku atasema mbele ya mama yake." Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mimi mshindo huo niliungoja kwa hamu, siwafichi.

Wifi akaja kupata mchumba. Mama mkwe akasema kichwa cha harusi hakiwezi kupelekwa kwa watu baki wakati msusi yumo ndani ya ukoo. Gundi akajibu kwa sauti ya asali, "Njooni, Mama. Nitamsuka mwenyewe." Ni yeye aliyetaka iwe siku ile ile ya harusi, tangu alfajiri, eti rasta zitang'aa zaidi.

Upande wa kulia ukakamilika, mzuri kupita kiasi. Upande wa kushoto nywele zimesimama wima kama zimeona nyoka. Nje gari limeshafika, linapiga honi. Gundi akaweka chanuo chini.

"Wifi, mbona umeacha?"

"Nina swali. Siku ile uliyokuja kusukwa na mimi nina mimba, ulijua una korona?"

"Jamani! Leo? Siku ya harusi yangu?"

"Leo."

Honi ikalia tena. Mimi nikachukua kioo nikamshikia mbele ya uso. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akamtazama mama yake aliyekaa kwenye benchi. Machozi yakaanza kumharibia poda.

"Nilikuwa nimepimwa," akasema. "Waliniambia nisitoke. Lakini rafiki yangu alikuwa na sherehe, sikutaka kwenda na kichwa kibaya. Nilidhani ni mafua tu yatapita. Nisamehe, wifi."

Mama mkwe alishika mdomo. Kisha akanyanyuka. "Mwanangu, nimekukosea sana. Lakini watu wanangoja. Msitiri mwenzio, malizia."

"Mama, si ulisema tumbo langu halishiki? Basi leo na mikono nayo haishiki."

Wakanigeukia mimi. Nikasema vidole vinaniuma. Vilikuwa vizima kabisa.

Bibi harusi alikwenda na kitambaa kichwani, kimevimba upande mmoja. Wapo watakaosema Gundi alikosa utu. Waseme, mdomo haulipiwi kodi. Mumewe alipoleta picha ya harusi nyumbani, Gundi aliihamishia saluni, akaitundika kando ya kioo. Mteja akiuliza kile kitambaa ni cha nini, anaelezwa yote bila kupunguziwa neno.

Juzi nilimkuta amesimama peke yake mbele ya picha ile, chanuo mkononi.

"Bado unamcheka?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. "Mume wangu nimemuuliza, anasema walimkabidhi mtoto ameshafungwa shuka, hakumfunua." Akageuka kunitazama. "Eti, shoga yangu, unadhani alikuwa na nywele?"