Kufuta Mistari ya Mashine Isiyowashwa

Kazi inayonilisha ni kutunza kompyuta za biro moja, yaani ofisi, ya usafirishaji hapa Kalemie, kando ya ziwa, mahali ambapo reli na bandari zinakutana, na kila moja inaamini kwamba nyingine ndiyo inayochelewesha mizigo. Kazi yangu nyingine haina mkubwa wala daftari la kusaini asubuhi. Naifanya pamoja na watu ambao sijawahi kuwaona uso. Tunatunza programu huria, yaani programu ambayo yeyote duniani anaweza kuisoma, kuitumia na kuirekebisha. Kazi ya programu hiyo ni kusaka makosa ndani ya programu nyingine. Inaisimamisha programu mgonjwa katikati ya mwendo na kukuonyesha ilikuwa inafanya nini ilipoanguka.

Niliifahamu kwa sababu ya shida. Programu ya biro ya kuandika hati za mizigo ilikuwa inazimika kila jina la mpokeaji lilipokuwa refu, na kwetu mtu hubeba jina lake, la babu yake na la ubatizo, na hakuna analokubali kuliacha. Walioizimisha zaidi walikuwa wapokeaji wa mji wa Nyunzu. Kikao kiliitwa, ikapendekezwa watu wa Nyunzu wapunguze majina. Mimi nikaipakua ile programu ya kusaka makosa, na baada ya siku tatu nikapaona mahali penyewe: aliyeandika programu yetu alilitengea jina nafasi ndogo, labda kwao watu huitwa kwa silabi mbili. Nikaipanua. Papa Shefu, mkubwa wa huduma yetu, aliandika katika ripoti yake kwamba wakazi wa Nyunzu wameonyesha ushirikiano mzuri.

Kwa shukrani nikajiunga na watunzaji wa programu ile. Mgeni huko hapewi tofali, anapewa ufagio. Ufagio wangu ulikuwa huu. Programu kama yetu haiji ikiwa tayari. Lazima ijengwe kutoka maandishi yake, na kila aina ya kompyuta ina maelekezo yake ya kuijenga: hapa tumia hiki, pale ruka kile. Kulikuwa na maelekezo ya aina moja ya mashine ya zamani, kubwa kama kabati, ambayo kiwanda chake kilishafungwa. Mistari yake ilikuwa mia mbili na ushei, nayo ilijipenyeza kila faili. Aliyetaka kubadilisha kitu chochote alilazimika kwanza kuizunguka, kama watu wanavyozunguka lori bovu lililoachwa katikati ya barabara mpaka barabara yenyewe inapinda. Niliambiwa niiondoe.

Desturi ya kundi letu ni kuuliza kabla ya kufuta. Nikaandika tangazo la adabu: je, yuko bado mtu anayetumia mashine hii? Asiyejibu ndani ya mwezi mmoja tutamhesabu hayupo. Wiki tatu zilipita kimya, nami nikaanza kufurahi. Kufuta kuna utamu wake; huwezi kukosea tahajia ya kitu ambacho hakipo.

Wiki ya nne akajibu mzee mmoja wa nchi ya baridi. Alisema mistari ile aliiandika yeye mwenyewe akiwa bado na nywele. Mashine yake iliungua moto, na hajui mtu mwingine mwenye nayo. Hata hivyo alikuwa na imani kwamba mahali fulani bado iko moja inayofanya kazi, pengine Afrika.

Basi wote wakanigeukia. Walikumbuka ghafla kwamba miongoni mwao kuna Mwafrika, wakaniomba kwa upole niangalie kama Afrika bado inaitumia mashine ile. Mmoja alishauri nianze na nchi za jirani. Niliwajibu kwamba bara ni kubwa kidogo, ila nitauliza. Nilikusudia kukaa siku mbili bila kumuuliza mtu yeyote, kisha niseme nimeuliza.

Kosa langu lilikuwa kulisimulia jambo hilo biro kama kichekesho. Papa Shefu hakucheka. Aliniomba nimwonyeshe picha ya mashine kwenye simu, akaitazama akiwa ameinua miwani, kisha akasema taratibu, "Hii tuko nayo."

Ilikuwa kwenye chumba cha nyuma, baada ya chumba cha makaratasi. Miaka yote niliyofanya kazi pale nilidhani mlango ule ni wa stoo ya mafagio. Ufunguo ulikuwa kwa Mama mmoja mwenye umri wa kumzaa hata Papa Shefu kama angeanza mapema. Sote tulijua kwamba cheo chake ni Mama Responsable, yaani mwenye dhamana, ila hakuna aliyewahi kumuuliza ni responsable wa nini. Kumbe ni wa mashine. Ilipoletwa, zamani, alikabidhiwa aitunze, na wenye kujua kuitumia walihamishwa kabla hawajamfundisha mtu. Tangu hapo, kila asubuhi ya kazi alifungua chumba, akapangusa vumbi, akakagua kama paa halivuji, akaandika katika daftari lake: mashini iko muzima. Hakuwahi kuiwasha. Agizo lilisema atunze, halikusema awashe.

Nikaomba kuiona. Papa Shefu alisema hakuna ubaya, niandike barua. Nikamwandikia yeye. Aliipokea barua mkononi mwangu, akaigonga kashe, yaani muhuri, ya kuipokea, akanijibu kwa barua kwamba ombi langu limepelekwa kwa mwenye mamlaka, ambaye ni yeye. Siku ya nne mamlaka ikakubali, kwa sharti kwamba iundwe kamati. Kamati ikawa Papa Shefu, Mama Responsable na mimi. Siku ya kuwasha, Papa Shefu alivaa koti.

Mama aliondoa kitambaa cheupe alichokidarizi maua mwenyewe, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani. Nilikagua nyaya, nikatoa kiota cha nyigu kilichokauka kwenye tundu la hewa, jambo ambalo Mama alilitazama kwa uchungu kwa sababu halikuwamo katika daftari. Kisha nikabonyeza. Taa za biro zima zilififia, feni ya Papa Shefu upande wa pili ikazimika, na mashine ikanguruma kama injini ya boti ya Moba inayoondoka na mizigo mingi kuliko inavyoruhusiwa. Ilikuwa hai. Maandishi ya kijani yakatokea, yakiomba neno la siri.

Papa Shefu aligeuka akampa Mama mkono kama anavyowapa mkono wageni wa mkoa. Mama alisema tu, "Nilikuwa naandika kila siku. Hamukusoma."

Lile neno la siri lilikuwa limeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini ya kibodi, mahali ambapo dunia nzima huweka maneno yake ya siri. Kuifikisha programu yetu ndani ya mashine ile kulinichukua siku mbili na waya niliouomba kwenye redio ya parokia. Nikaagiza ianze kujengwa. Nilitegemea ichukue saa nyingi. Ilikataa papo hapo.

Nikautazama mstari ulioikwaza. Ndani ya maelekezo ya mashine ile neno moja lilikuwa limekosewa herufi. Programu zetu huhifadhi historia ya kila badiliko, nikarudi nyuma kuangalia kosa liliingia lini. Liliingia zamani sana, siku mtu mmoja alipopanga mistari vizuri ili ipendeze. Tangu siku ile hakuna binadamu aliyeweza kuijenga programu yetu kwenye mashine ya aina hiyo, na hakuna binadamu aliyelalamika. Miaka yote tuliyoizunguka mistari ile kwa heshima, tulikuwa tunamheshimu mtu asiyekuwepo. Nikalisahihisha neno. Ikakwama mbele kidogo. Nikasahihisha na hapo. Ikakwama tena, kwa sababu kila aliyepita baadaye alibadilisha kitu bila kuwa na mashine ya kujaribia. Kosa la saba nikaacha.

Kamati ilikuwa imekaa nyuma yangu muda wote huo kwenye benchi. Papa Shefu aliuliza kama mashine ni mgonjwa. Nikamweleza kwamba mashine ni mzima kabisa. Kilichokufa ni maelekezo, nayo yatafutwa. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akatoka kwenda kuiandikia ripoti.

Mama hakutoka. Alikuwa bado ameshika kitambaa chake. Akaniuliza, "Papa, ukifuta ile mistari, na kazi yangu itafutwa?"

Nilikuwa nimefika pale nikiwa na furaha ya mfagiaji. Mistari haina watoto. Ukiifuta hairudi nyumbani kueleza kwa nini. Nilimjibu kwamba mistari ni ya watu wa mbali, haina uhusiano na daftari lake. Lilikuwa jibu la kweli, lakini nilijua pia kwamba mimi njo niliyeifumbua biro macho. Kabla ya kichekesho changu, hakuna mkubwa aliyekumbuka kwamba chumba kile kipo, wala kwamba mtu analipwa kukifungua. Mama alikikunjua kitambaa chake. Akasema afadhali tuizime, inachoka.

Jioni nikawaandikia wenzangu. Niliwaambia nimeipata mashine, hapahapa, ukuta wa tatu kutoka kwenye kiti changu; kwamba inawaka; kwamba maelekezo yetu yamevunjika tangu zamani; na kwamba mtunzaji wake ni Mama mmoja ambaye ameitunza vizuri kuliko sisi tulivyoitunza mistari yake. Wengi walijibu kwa vichekesho. Mzee wa nchi ya baridi alikaa siku mbili. Kisha akaandika kwamba amekwenda kuangalia historia, na yule aliyeipanga mistari ili ipendeze alikuwa yeye. Alisema nifute yote, lisiachwe hata neno moja la huruma. Akaongeza kwamba nimfikishie Mama salamu na shukrani zake, kwa kuwa alidhani hakuna tena mtu duniani anayeipangusa mashine ile.

Nikafuta. Kazi yote ilichukua nusu saa. Katika orodha ya waliochangia, mchango wangu wa kwanza unaonekana hivi: mistari iliyoongezwa, sufuri, mistari iliyoondolewa, mia mbili na ushei. Nilimwonyesha mke wangu kwa majivuno. Aliuliza kama pale nyumbani pia ningeweza kuanza kuondoa, kuanzia na zile nyaya zangu chini ya kitanda.

Kwa upande wa biro, woga wangu ulikuwa wa bure, kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba ripoti inaandikwa na Papa Shefu. Ripoti ilisema mashine imefanyiwa majaribio ya kimataifa na wataalamu wa nchi mbalimbali, ikafaulu. Ilipanda ngazi zote bila mtu kuuliza ilifaulu nini. Barua ya pongezi ikarudi, pamoja na badiliko la cheo: Mama sasa ni Responsable wa Mashini na Uhusiano wa Nje. Kamati haikuvunjwa. Tunakutana kila robo ya mwaka, Papa Shefu akiwa na koti, na mimi njo katibu.

Salamu za mzee nilizifikisha siku iliyofuata, nikimtafsiria Mama neno kwa neno. Alizisikiliza akiwa amesimama, mikono ameifunga mbele kama mtu aliye kanisani. Akaniomba niandike jibu lake, nisibadilishe kitu.

"Mwambie asante," alisema. "Na mwambie iko nzito sana. Kama anaitaka, akuje na bantu ine, na waje asubui, mbele ya jua kali."

Niliiandika hivyohivyo kwa Kiingereza changu cha vitabu vya maelekezo. Mzee alijibu siku hiyohiyo. Alisema watu wanne atawapata, ila mgongo wake hauwezi tena safari ya ziwani, na akauliza kama Mama anaweza kumtumia picha yake akiwa amesimama karibu na mashine. Mama alikubali, lakini kwanza alienda kusuka nywele, na hilo likatuchukua hadi Jumatatu.