Kisu cha Upande wa Pili

Mpaka leo mtu akimsifia mfanyakazi kwa kusema "huyu anajua kushindana," mimi hukasirika. Nilimwona kaka yangu akishindana, na sitaki kumwona mwingine hivyo.

Tulikuwa manamba, vibarua wa mkataba, Wangoni tulioletwa kutoka Songea kukata mkonge karibu na Kimamba, enzi za Mwingereza. Kila mtu alipewa mistari yake. Alikata majani, akayafunga matita, akayapanga penye reli ya toroli. Ukimaliza, unarudi kambini kusonga ugali na kupiga soga. Kaka alikuwa mtu wa soga hasa. Aliimba akikata, tena vibaya.

Nyapara wetu hakubeba kiboko. Alikuwa na maneno tu. Kati ya sehemu yetu na ya jirani mkonge ulikuwa mzee, umefungamana, huoni ng'ambo. Asubuhi moja alisimama nyuma ya kaka, akasema taratibu, "Yupo mwenzako upande wa pili. Wewe unanoa kisu, yeye yuko katikati ya mstari. Sikiliza."

Tukasikiliza. Kweli, ng'ambo kisu kilikuwa kinakata: mapigo mawili ya haraka, kimya kidogo, kisha moja zito. Kaka akacheka. Kesho yake hakucheka.

Tangu hapo nyapara alipita na habari ileile: mwenzako keshamaliza. Kaka akaacha kuimba ili asikie vizuri. Akaacha kupumzika. Miba ikimchoma, hafuti damu. Alikula amesimama. Jioni moja tulikaa mlangoni kambini, shamba liko mbali kabisa, nikamwambia, "Kaka, mtu mwenyewe hujamwona hata kivuli. Utajiua bure."

"Nyamaza," akasema, "ananipita."

Mkono wake wa kulia ulikuwa unacheza juu ya paja, kwa mapigo yale yale. Nilimtazama alivyokonda, nikaogopa kweli. Ndugu yangu alikuwa ananiponyoka nikimwona, na ubishi wake naujua tangu utotoni.

Kisha siku moja ng'ambo kukawa kimya. Kaka alisimama wima, akatega sikio, akapiga ukelele: "Kashindwa!" Akakata kama aliyepagawa. Nyapara alipopita hakuleta habari yoyote. Alipita akiangalia chini.

Jioni walikuja wanaume wa sehemu ya pili, Wahehe, wakiwatafuta Wangoni. Mwenzao alikuwa ameanguka mstarini asubuhi, hakuamka tena. Sisi ni watani wao, kwa hiyo kaburi ni letu kuchimba, na wafiwa ni wetu kuwachekesha.

"Alikuwa haambiliki," mmoja wao alitueleza. "Nyapara huyu huyu wenu alimwambia upande wenu kuna mtu anamaliza kabla yake kila siku. Akaapa hatashindwa naye."

Nilimgeukia kaka. Alikuwa anatazama viganja vyake. Nilimchukia nyapara yule siku ile, na bado namchukia.

Kesho yake tulichimba, nyuma ya vibanda vya kambi yao. Katika mazishi mtani humwigiza marehemu, anavyotembea, anavyokohoa, anavyodai chakula, mpaka watu wacheke katikati ya kilio. Wahehe wakamsukuma kaka mbele. "Haya mtani, tuonyeshe alivyokuwa!" Walikuwa wanatania tu. Walijua hajawahi kumwona mtu wao hata mara moja.

Kaka alisimama ukingoni mwa kaburi, akiinamisha kichwa. Mkono wake ukainuka ukaanza kukata hewa. Mawili ya haraka. Kimya. Moja zito, na bega la kushoto likishuka kidogo.

Wachache walianza kucheka, wakaacha. Mke wa marehemu aliinuka kutoka kwenye mkeka, akasogea nyuma polepole mpaka mgongo ukagusa ukuta wa kibanda. "Ni yeye," akasema. "Lile bega ni lake."

Wengine wakaanza kuondoka bila kuaga. Kaka hakuwaona. Machozi yalimtiririka, na alikuwa akimtukana mtu wa shimoni kama mtani anavyopaswa: "Inuka, mvivu wewe! Inuka! Umeniacha nikate na nani?"

Nikaushika mkono ule kwa mikono yangu yote miwili, na bado ulikuwa unakata.